Mstari wa Kijivu Unaoshuka Bondeni

Dada yangu,

Shikamoo. Nyingine mfikishie mama, na Kibonge mbane shavu kwa niaba yangu. Hamjambo nyote? Vile vipele vya mtoto vimepungua? Mimi mwili mzima, lakini roho iko juu juu. Barua hii nimempa shangazi mkononi kwa sababu simu siiamini tena. Isome ukiwa peke yako.

Kila siku unaniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami hukujibu kwamba nalipwa kutazama picha. Nilikuwa nasema kweli. Tunachukua picha zilizopigwa na setilaiti, ya mwaka jana na ya mwaka huu, tunazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, kisha tunachora kila palipobadilika. Safari hii tulipewa uwanja wa mazoezi ya jeshi, ule ulio nyuma ya kilima chetu. Kwenye picha zetu majani mabichi huonekana mekundu, na yanayokufa huwa ya kijivu. Niliona miti imekwisha, ardhi imeungua, na shimo wanalomwaga mafuta machafu na mabaki ya risasi. Kutoka shimoni ulianza mstari wa kijivu, ukafuata bonde kuja upande wenu.

Ofisini kwetu ramani haiaminiki mpaka mtu aende akasimame papo hapo na kuhakikisha. Nikajitolea mbio mbio. Ndiyo ile safari niliyokuja na chupa zangu mbili za maji, ukanicheka kwamba mdogo wako siku hizi mtu wa mjini, maji ya kisima yanamkwaruza koo. Mama naye akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita mambo yaliharibika. Wanaume wawili waliovaa kiraia walikuja ofisini wakauliza nani alikwenda huko. Mkuu wetu, tunayemwita Rula kwa kunyooka kwake, alijibu kwamba ni yeye. Kesho yake hakuja kazini, na mpaka leo mkewe anatupigia sisi kuuliza yuko wapi. Koti lake bado liko kwenye kiti. Wale watu waliondoka na ripoti, na ndani yake kila mahali tulipohakiki pameandikwa kwa vipimo kamili, mtu anafika bila kuuliza njia. Mahali pa saba ni kisima chenu. Nilipaandika mwenyewe, nikifuata utaratibu, sikufikiri kwamba nawaonyesha mlango wa mama. Sasa kila nikisikia viatu kwenye ngazi, nazima taa. Naogopa, dada. Naogopa kama mtoto.

Lakini kuna kubwa kuliko hilo, na nimelizungukia vya kutosha. Asubuhi ile ulipokuwa unamwogesha Kibonge, nilichota maji ya kisima nikayapeleka kupimwa. Majibu ninayo miezi mitatu sasa. Yana mafuta, na yana sumu ya baruti. Nilikuwa nimetia saini kwamba sitasema, nikaogopa, nikanyamaza. Uliponipigia kwamba mtoto ametoka vipele, nilikwambia, “Badilisha sabuni.”

Msiyanywe tena. Msipikie, msiogee. Shangazi akigeuza kurudi mjini, ondokeni naye, wewe na mama na mtoto, na msingoje kufunga mizigo. Mtu akiwauliza, semeni hamjui kitu. Aliyejua ni mimi.

Ukitaka kunitukana, nitukane, nitapokea. Kuna jambo moja tu nalishikilia. Mama aliniambia kwamba ile chupa niliyoiacha nusu mezani alimpa Kibonge, akaimaliza yote. Nusu chupa ile ndiyo maji pekee niliyompa ambayo mjomba wa kweli angempa.

Mpe mama mkono wangu, na umwambie nitakuja kumwangukia miguuni nikijaliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Macho Manne