Kibao Nilichowavisha Watoto

Mpendwa Wanjiru,

Sisi hapa Mbotela tunaendelea. Kifua cha babu yako kimepata nafuu kidogo. Umeniuliza kwa nini wanafunzi wako huko Lodwar wanakunyamazia.

Nilipoanza ualimu, mtoto aliyeongea Sheng ya mtaani darasani badala ya Kiingereza alivishwa kibao cha adhabu shingoni hadi jioni. Darasa langu lilitulia, na mwalimu mkuu akanisifu. Kisha mwanafunzi wangu mmoja, Akinyi, akakosa shule wiki nzima. Niliuliza yuko wapi, wenzake wakainamia madawati. Aliporudi nilimsimamisha mbele, nikamgombeza sana. Alilia tu.

Jioni jirani yao akaniambia walikuwa wamemzika mama yake. Darasa zima lilijua, lakini hawakuwa na Kiingereza cha kuniambia, na kibao walikiogopa.

Kesho yake nilikivaa mwenyewe, nikamwomba Akinyi msamaha kwa Sheng yangu mbovu. Hakuna aliyecheka. Alikuja mbele, akanivua kile kibao, kisha akaniambia jina la mama yake.

Sijui wewe umewavisha nini, mjukuu wangu. Waangalie shingoni.

Ni mimi shosho wako.