Maziwa ya Mama Robi

Dada Wambui,

Salamu kutoka Ogwedhi, ambako vumbi la ng'ombe wa mnadani limeingia hadi kwenye chapati. Leo nimeomba chai ya maziwa kwa Mama Robi, mwenye kibanda. Akakataa, na mtungi wa maziwa umejaa mbele yake.

"Hii siuzi. Ng'ombe ilidungwa dawa juzi."

"Chemsha tu, mama, nitakunywa."

"Kuchemsha haitoi dawa."

Akanieleza kwamba mwaka jana mumewe alichomwa na mwiba mguuni, kidonda kikaoza. Hospitalini walijaribu dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vijidudu vilikuwa vimezizoea zote, na mguu ukakatwa. Kama vilizizoea kupitia maziwa yenye mabaki ya dawa kama hizo, maji ya mto au vidonge walivyokuwa wakimeza ovyo, hata daktari hakujua.

"Mimi naanza na hii naweza," alisema, akayamwaga yote nyuma ya kibanda. Mumewe, aliyeketi hapo na magongo yake, akasogeza mguu uliobaki usilowe.

Nikanywa chai ya rangi. Dada, sisi huko nyumbani hupeleka maziwa shuleni hata ng'ombe wetu akiwa kwenye sindano za dawa. Kuanzia sasa ya siku hizo tuyamwage, hata kama itatuuma.

Nawapenda wewe na watoto,
Kariuki