Sinema Waliyoicheka Awendo

Awendo, 12 Agosti 1996

Mdogo wangu Pamela,

Nakusalimu katika jina la Bwana anayetulinda bado. Mahindi yamekauka, lakini kuku wanataga.

Jumamosi vijana wa kanisa walileta video. Ilikuwa sinema ya jambazi mtoro aliyemteka bwana mmoja mpole, nao wakawa wanagombana garini kama mtu na mkewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijana aliyekuwa akiitafsiri akanipazia sauti, "Mama Dishon, mwanao amekuwa staa!" Wakazidi kucheka.

Polisi walipomzingira yule jambazi, nilisimama nikaomba kwa sauti, "Bwana, wasimpige risasi!" Nilisahau ni picha tu.

Aliyenishika mkono ni Emmaculate, mke wa yule karani wa mizani ya miwa aliyetekwa na Dishon wangu akitoroka na lori la miwa. Akaniuliza, "Mama, mume wangu alirudi. Na mwanao je?"

Pamela, najua Dishon yuko kwako Karungu. Polisi wameanza kuuliza huko. Mwambie aje Jumapili, twende naye kituoni. Emmaculate amekubali kutembea mbele yake, ili polisi wasifyatue risasi.

Mungu awafunike nyote wawili,
Dada yako Joyline