Kibali Ulichowanyima

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti, peke yangu hapa ofisini, kisha nikasubiri kama vile utaitikia.

Unakumbuka mwaka ule wa ukame, ulipokuwa mwenyekiti wa kijiji na pia mzee wa kanisa? Kina mama wa wafugaji walikuja kuomba kibali wakaombe mvua kwenye kaburi la mzee wao, lile tuta kubwa la udongo lenye mti juu yake. Nilikuwepo, nimekuletea chai. Ukawaambia, "Mimi ni mtu wa Mungu. Muhuri huu haugongwi kwa ajili ya mizimu." Kesho yake ukaamuru mti ukatwe.

Mti ulipoanguka, ndege wote walinyamaza. Wale mama hawakulia. Walikuja wakasimama mbele ya nyumba yetu, fimbo mkononi, tangu asubuhi mpaka jua la utosi, wakaondoka. Kuanzia siku hiyo, kila mchana uliacha kula ukauliza, "Nani anaimba?" Mama na mimi tulitega masikio. Hatukusikia kitu, Baba, ila upepo kutoka mlima Hanang.

Karibu na mwisho wako ulinishika mkono. "Wale mama nao walinipigia kura, mwanangu."

Sasa kiti chako nimekalia mimi. Mwezi uliopita walikuja tena, na ombi lilelile. Wazee wa kanisa wakanionya: "Usisahau wewe ni Mkristo." Sikusahau. Nilisali kwanza, kisha nikagonga muhuri. Sikuona kwa nini imani yangu iwafungie watu wengine njia ya kwenda kwa mzee wao.

Siku yenyewe nilisimama mbali kidogo, mtu asije akawabughudhi. Walikuwa wanawake tisa, mchana kweupe, wakiimba kuzunguka tuta. Nami nikasikia sauti ya kumi, nzito, ya mwanamume.

Walipomaliza, bibi aliyewaongoza alipita karibu nami.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Baba yako amefika leo."

Sikuthubutu kugeuka. Mvua bado haijanyesha, na kanisani wapo wasionisalimia. Lakini kama kweli ulikuwa pale, Baba, natumaini walikupa nafasi katikati yao.

Pumzika.

Binti yako wa mwisho