Kifungu cha Kumi na Tisa

Jumatatu, 14 Julai

Sala, nyundo, kisha chai. Kamati hii ya bunge ninayoiongoza huchelewa kwa kila kitu isipokuwa chai.

Wajumbe wamenuna kwa sababu tumekuja Eldoret badala ya Mombasa. Baridi, wanasema. Mmoja alikaa na glavu ndani ya ukumbi wa hoteli. Niliwaambia muswada ni wa maziwa, na maziwa yako huku. Wakakubali, maana posho ni ile ile. Ukweli ni kwamba siwezi tena kuvumilia gari hata hadi Nairobi, sembuse Mombasa. Wao wanajua ni mgongo. Daktari anajua ni saratani, na kwamba imeshaingia kwenye mifupa.

Mjumbe mmoja, daktari wa falsafa, aliuliza kwa nini wakulima wasikamue saa sita mchana, lori la kiwanda likiwa tayari limefika. Aliuliza akiwa na uso mkavu kabisa. Wenzake wakaandika.

Kifungu cha kumi na tisa ndicho muswada mzima. Mengine ni mapambo. Kinasema maziwa yasiyopita kiwandani yasiuzwe, na anayeuza afungwe. Ripoti yetu inayokiunga mkono iliandikwa kabla hatujasikia mwananchi hata mmoja. Makamu wangu aliileta ndani ya begi. Alinipigia kelele sikioni: "Mzee, hii ni kazi ya kupiga muhuri tu."

Hunipigia kelele hivyo kwa sababu wote wanaamini mimi ni kiziwi. Sijawahi kuwasahihisha. Nimesikia mambo mengi kwa njia hiyo, na mengi hayakuwa na thamani ya kusikiwa.

Jumanne, 15 Julai

Kesho tunasikiza wananchi. Leo ilikuwa kupumzika, maana wajumbe walichoka kwa kukaa jana.

Father alipita nyumbani kutaka niungame. Nilimpa chai, tukazungumza juu ya mvua. Ni mtu mwema lakini hutikisa kichwa kwa huruma kabla hujasema neno. Naona afadhali karatasi.

Basi niandike. Niliipenda kazi hii kwa sababu ya kiti, si kwa sababu ya sheria. Kiti kirefu kuliko vingine, nyundo, watu wazima wanaoomba ruhusa kabla ya kufungua mdomo. Nilisoma sana, hapa na ng'ambo, na sikuwahi kukutana na raha nyingine kama hiyo. Hayo ndiyo maungamo. Sioni Father angefanya nini nayo.

Dada yangu Rebeka amepiga simu kutoka Ainabkoi. Atakuja kusema mbele ya kamati. Nilimwomba asije. Akasema hakuniomba ruhusa.

Jumatano, 16 Julai

Ukumbi ulijaa. Nusu walikuja kwa ajili ya mandazi na siwalaumu.

Rebeka ana ng'ombe watatu wa gredi. Kila asubuhi, tangu nikiwa kijana, anauza maziwa kwa mitungi pale barabarani, na mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa majivu ya mkaa, kwa vibuyu kukiwa na sherehe. Kifungu kikipita, anachofanya kila asubuhi kinakuwa kosa la jela. Yeye ni mkubwa wangu na bado anatembea wima. Alivaa lile koti la kanisani.

Alisema vibaya. Nilitamani aseme vizuri. Alianza na barabara, akaenda kwenye josho lililobomoka, akamsengenya jirani anayetia maji kwenye maziwa, akarudi kwenye barabara. Wajumbe karibu wote walikuwa kwenye simu zao. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nilikubeba kwa mgongo. Hiyo mgongo yangu hukusema ni chafu. Leo maziwa yangu ndio chafu?"

Watu walicheka. Makamu alicheka kuliko wote, akinitazama.

Niligonga kengele ya muda. Nikasema: "Muda wako umekwisha, mama."

Mama. Kama mtu nisiyemjua jina.

Rebeka akauliza: "Leo mimi ni mama?" Akarudisha maikrofoni kwa karani kwa mikono miwili, kwa heshima sana, akatoka nje bila kugusa chai. Nilimwita anayefuata.

Mfumo wa hoteli wa kupasha joto ulikuwa umewashwa lakini mikono yangu ilikuwa barafu hadi jioni.

Alhamisi, 17 Julai

Kazi ya kupitia muswada kifungu kwa kifungu. Niandike sawasawa, maana hii ndiyo sehemu ninayoogopa kuiacha bila kuandikwa.

Namna tunavyofanya ni hii. Nasoma namba ya kifungu. Nasema wanaokubali waseme ndio. Wanguruma. Nasema wanaokataa waseme siyo. Kimya, au mmoja anakohoa. Nasema walioafiki wameshinda, nagonga nyundo, twende mbele. Asiyeridhika lazima asimame papo hapo adai mikono ihesabiwe. Nikishaita kifungu kinachofuata, kimekwisha. Katika miaka yangu yote kitini hakuna aliyesimama, kwa sababu katika miaka yangu yote ndio imeshinda. Nadhani ningeweza kuwawekea mbuzi kitini na wasigundue, ilimradi analia baada ya kila namba.

Walikuwepo kumi. Makamu alikuwa akitazama picha za shamba analotaka kununua Kaptagat. Wawili walikuwa wanabishana kwa kunong'ona juu ya nani analipa kuku wa jioni. Yule wa falsafa alikuwa amelala, mdomo wazi. Aliyekuwa na muswada mbele yake ni mmoja, Mheshimiwa Nekesa, ambaye ni mgeni bungeni na bado anapigia mistari kwa kalamu nyekundu. Sikuwahi kumpenda. Ana bidii ya kuchosha.

Cha kumi na saba, ndio. Cha kumi na nane, ndio.

Cha kumi na tisa. Ndio ilitoka kwa watu wanne au watano, hafifu, bila kuinua macho. Siyo ilitoka kwa Nekesa peke yake, kwa sauti iliyotetemeka.

Nilisikia vizuri kabisa. Ndio ilikuwa kubwa zaidi.

Nikasema: "Waliokataa wameshinda. Kifungu kimeondolewa." Nikagonga nyundo kama kawaida, wala si kwa haraka. Nikanywa maji. Nilimpa kila mmoja nafasi ya kuwa mjumbe wa bunge kwa mara moja katika maisha yake. Hakuna aliyenyanyuka. Nekesa alifungua mdomo, akaufunga. Karani wetu, Bwana Odera, aliinua kalamu na kunitazama juu ya miwani. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Akaishusha, akaandika.

"Kifungu cha ishirini," nikasema.

Ndio, wakanguruma.

Nimeiba kura. Sitaiita jina jingine.

Ijumaa, 18 Julai

Sikulala kwa maumivu, na si maumivu tu.

Kulikuwa bado na mlango mmoja wazi. Asubuhi karani husoma kumbukumbu za jana na kamati huzithibitisha. Odera alisoma yote, polepole, neno kwa neno. "Kifungu cha kumi na tisa kiliondolewa baada ya kura ya sauti." Aliisoma kama anavyosoma kila kitu, kama mtu anayehesabu mashuka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Kabla hajamaliza, Makamu mwenyewe alisema, "Napendekeza zithibitishwe," huku akitafuta chaja ya simu. Mwingine akaunga mkono. Wakaenda chai.

Niliwadharau zaidi wakati huo kuliko siku yoyote nyingine, na nilikuwa nataka hasa wafanye hivyo hivyo. Vitu viwili hivyo vilikaa ndani yangu pamoja bila kugombana.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Miguu imekataa.

Makamu alikuja mchana. Mwenye kiwanda cha maziwa alikuwa amesoma ripoti ya kamati na kuona kifungu hakimo. Yeye, angalau, anasoma. Makamu alikaa kwenye ukingo wa sofa na kofia yake mapajani, amekuwa mdogo ghafla. Hakupiga kelele sikioni. Alinong'ona.

Alitaka jambo moja. Niandike kwa Spika kwamba nilisikia vibaya. Umri, masikio, kila mtu ataelewa. Kamati ikutane tena, tusahihishe.

"Mzee, hakuna aibu. Sema tu haukusikia."

Ilikuwa rahisi. Ningerudishiwa usafi wangu wa kanuni, na ndio ingerudi kuwa ndio. Ingekuwa hata haki, ukitazama kanuni. Nililifikiria kweli. Kisha nikawafikiria wote kumi wakiwa wamekaa tena, wakinguruma tena bila kujua namba.

Nikamwambia ninasikia vizuri. Nilimsikia hata Ijumaa chini ya dirisha la hoteli akimwambia dalali wa lile shamba kwamba mzee huyu hamalizi mwaka. Alibadilika rangi.

Nikamwambia pia njia iko wazi. Asimame mbele ya bunge zima, aseme kwamba kifungu kilikataliwa yeye akiwa mezani na hakusikia, na kwamba kesho yake alipendekeza mwenyewe kumbukumbu za siku hiyo zithibitishwe. Aseme alikuwa anatazama nini.

Akasema watakusanya saini waniondoe kitini. Nikamwambia wafanye haraka.

Alipotoka alisahau kofia. Nimemwambia nesi anayenihudumia hapa nyumbani asiguse.

Jumatano, 23 Julai

Nekesa amepiga simu. Anaamini alishinda. Anasema hajui wenzake walibadilishwa mawazo na nini, na alidhani sauti yake haikutoka. Alikuwa karibu kulia. Sikumwambia kitu. Aende na hilo, aseme siyo kwa nguvu zaidi siku nyingine. Siku hiyo ushindi utamgharimu zaidi, maana hakuna atakayeiba kura kwa ajili yake.

Saini zimetimia. Odera alinijulisha. Akaongeza kwamba anastaafu mwaka huu na anafikiria kufuga kuku.

Rebeka hajapiga simu tangu siku ya kengele. Nilimpigia. Simu ililia hadi ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatwa.

Sijali kiti. Hili la simu linaniuma.

Jumamosi, 26 Julai

Nesi anasema nisikae dirishani. Nimekaa.

Rebeka alikuja bila kusema anakuja. Alishuka kwa pikipiki na kibuyu ndani ya shuka, akamkaripia kijana wa boda kwa kupita kwenye maji. Aliingia, akaitazama kofia ya Makamu kwenye sofa, akaisukuma na kiwiko, akakaa.

Alikuwa amesikia kwenye redio. Kifungu kimeondolewa. Ainabkoi nzima inajua, alisema, na inajua ni nani alikiondoa.

Nilingoja.

"Mimi," akasema. "Ulinigongea kengele, lakini maneno ilikuwa imeshaingia. Niliona ile mtu mnene akiandika. Nilikwambia watanisikia."

Mtu mnene ni yule wa falsafa. Alikuwa anaandika juu ya kukamua saa sita.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, kwamba ni mimi niliyekiondoa. Maisha yangu yote sijawahi kumwachia mtu mwingine sifa yangu, wala kosa langu bila kulipamba.

"Walisikia," nikasema. "Ulisema vizuri."

"Na wewe uliniita mama."

"Nilikuita mama. Nilikosea, dada."

Alinitazama kama anavyomtazama ng'ombe asiyekula. Nadhani aliona ugonjwa umefika wapi. Alitikisa kibuyu, akamimina, akashika kikombe mwenyewe kwa sababu mkono wangu hautulii. Daktari amekataza. Nilikunywa kidogo, nikapumzika, nikanywa tena. Majivu ya mkaa yamebaki kwenye meno.

Aliosha kibuyu kwenye sinki, akimlaumu nesi kwa sababu ya sufuria. Aliondoka kabla ya mvua, ng'ombe wanamngoja.

Amesema atakuja Jumatano.