Kichwa Kinauma na Kliniki Naiogopa

Jumapili, 5 Aprili 2020
Nimeanika mashuka. Jua la Katesh linakausha upesi, si kama kwetu Maretadu na ukungu wake. Leo siku ya kupiga simu nyumbani, salio hakuna. Basi nawasalimia humu humu. Shikamoo mama, mgongo unasemaje? Shikamoo baba mdogo. Hujambo Neema mwanangu, shule imefungwa, msaidie bibi kupalilia. Hujambo Samweli, usichezee moto. Hamjambo majirani wote. Na wewe Baba Neema huko machimboni, kama bado unatukumbuka, hujambo. Mimi mzima. Mtoto tumboni anarusha mateke kama ndama. Mwezi wa saba huu.

Si mzima sana. Miguu imevimba.

Jumatano, 8 Aprili
Gesti nzima wageni wawili tu. Siku za mnada zamani tulikosa hata pa kuweka godoro. Bosi mama ameondoa wenzetu wote, tumebaki mimi na Vero. Mshahara amekata nusu. Asiyetaka, amesema, barabara ile pale. Sasa kila shuka tunafua mara mbili kwa dawa ya madoa. Vidole vimechubuka. Harufu inakaa kifuani. Nafua tu. Nani atanipa kazi nyingine na tumbo hili?

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka
Kanisani tumekaa mbalimbali, hakuna kupeana mikono. Pasaka gani hii. Kichwa kinauma tangu jana. Bosi mama amesema akiumwa mtu humu, hata mafua, afungashe. Nimekaza kitambaa kichwani, nikapiga deki.

Jumanne, 14 Aprili
Leo ilikuwa kliniki. Nimefika getini nikaona wanapima joto kwa kile kibastola. Mama mmoja wamemtoa pembeni, kakalishwa peke yake chini ya turubai, watu wanamtazama kama mwizi wa ng'ombe. Nikageuka. Kichwa hiki wakikijua watanifungia karantini. Nani atawatumia watoto chochote?

Vero kaniuliza, "Umepimwa?"
Nikasema nimepimwa. Kaamini. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 17 Aprili
Bosi mama kaleta ndimu, tangawizi, vitunguu saumu na majani ya mkaratusi. Tujifukize asubuhi na jioni. Kila mtu mjini anajifukiza. Vero kanicheka, "Ninyi watu wa mlimani mvuke mnauogopa?" Nikamwambia ninyi wa tambarare mmezaliwa ndani ya moshi wa samadi, mtaogopa nini. Tumecheka chini ya blanketi moja, machozi na jasho. Mimi nilifurahi hasa kwa sababu nilidhani kichwa kitaachia.

Hakijaachia. Naona vimulimuli mchana.

Jumapili, 19 Aprili
Hachezi. Tangu jana hachezi. Nimekunywa maji ya sukari. Nimelala ubavu. Nimemwimbia.
Cheza mama. Cheza baba. Cheza tu.

Alhamisi, 23 Aprili
Nilianguka kwenye karai la kufulia. Vero alinipakia pikipiki, akakaa nyuma yangu akinishika njia nzima. Analia yeye, mimi silii.

Nesi akauliza, "Mama, kliniki ya mwisho ulikuja lini?" Nikamwambia niliishia getini. Akasema hii si corona, ni presha ya mimba. Angenipima siku ile angeiona. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alikuwa wa kiume. Siandiki zaidi.

Jumapili, 26 Aprili
Bosi mama alileta nguo zangu zote hospitali kwenye mfuko wa salfeti. Hakuingia. Nikapanda gari mpaka Dongobesh, kisha pikipiki mpaka nyumbani Maretadu.

Mama alisimama mlangoni. Hakunikumbatia. Alionyesha kile kibanda cha pembeni. Chakula analeta, anaweka juu ya jiwe, anarudi nyuma, ndipo mimi nachukua.

Zamani kwetu mwanamke aliyepoteza mimba alikaa peke yake. Haombi moto kwa jirani, hagusi maji ya wote. Mama ni wa kanisa, hayo aliacha. Lakini nimetoka mjini pia, kwa wageni wa barabarani, na ugonjwa uko huko. Sijui nimetengwa kwa lipi. Hakuna anayesema. Siulizi. Kama ni ugonjwa, utaisha. Kama ni lile jingine, nitakaa humu mpaka lini?

Neema alikuja mpaka kwenye uzio. "Mama, bibi amenikataza kuja."
"Bibi yuko sahihi. Rudi."
Akasimama tu. Nikaokota kijiti nikamtishia. Mtoto wangu mwenyewe.

Jumatano, 29 Aprili
Maziwa yametoka. Kifua kinawaka. Nakamua chini nyuma ya kibanda, nafukia kwa mguu.

Jumatatu, 4 Mei
Nimesikia Samweli akikohoa usiku kucha. Sikuweza kwenda. Nilikaa mlangoni nikihesabu kikohozi chake. Asubuhi nimemwona anakimbiza kuku. Nimelia kwa nguvu kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Nadhani wamenisikia wote.

Jumapili, 10 Mei
Mama ameingia. Hakupiga hodi. Mikono ina udongo wa shamba la maharage. Akakaa kitandani, akachukua miguu yangu akaiweka mapajani pake, akaanza kuisugua kwa mafuta. Nikamwambia, "Mama, watakuona." Akasema, "Waone." Basi.

Uvimbe umeshuka. Unga wa ndani unakwisha, mama hasemi lakini naona anavyopima. Kesho baba mdogo anashuka Dongobesh, dereva wa gari la Katesh anamfahamu. Nimeandika kikaratasi, apelekewe Vero.

Vero dada yangu, nimesimama, natembea. Kufua naweza. Wageni wakirudi, hata mmoja, niletee habari upesi. Usingoje nipone kabisa.