Asimwe Asing'olewe Ebiino

Kayanga, Jumatano mchana

Dada yangu Adventina,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Watu wote hapo Kaisho wanasema mimi ni mpole, binti wa haya. Si upole, dada. Ni meno. Tangu darasa la tano nilikuwa nikiyajua majibu na kunyamaza, kwa sababu lile chonge langu lililoota juu kwenye ufizi linaonekana nikifungua mdomo. Nimemaliza kidato cha nne bila kucheka mbele ya mtu.

Haya, hamjambo huko? Shemeji anaendeleaje na kahawa? Mimi nipo, nahudumia chai kwenye mgahawa wa Mama Jesca karibu na stendi. Vijana wa bodaboda hawaniachi. Juzi mmoja alisema, "We binti, chai ina sukari, mbona uso hauna? Cheka kidogo basi!" Mwenzake akadakia, "Mwache, huyu kicheko chake mpaka kibali cha mtendaji." Nikageuka na birika langu.

Wiki iliyopita shavu lilivimba hata uji ukanishinda. Nilimdanganya Mama Jesca kwamba naenda kanisani, nikaenda kwa daktari wa meno. Ni mama mtu mzima. Alinipiga picha ya taya, akaiangalia, akauliza polepole, "Binti, ulipokuwa mchanga walikung'oa ebiino?"

Nikasema ndiyo. Si wewe mwenyewe hunisimulia jinsi nilivyoharisha, mama akanibeba mpaka kwa yule bibi wa ng'ambo ya bonde, na wewe ukapewa kazi ya kunishika miguu? Tulikuwa tukicheka sana. Daktari hakucheka. Alisema kile kitu cheupe wanachokichimbua kwa spoku ya baiskeli na kumwonyesha mzazi, eti ndiyo ebiino, jino la plastiki lenye ugonjwa, ni jino lenyewe la mtoto, bado changa. Na karibu yake imelala mbegu ya jino la ukubwani. Kwangu moja ilikufa. Nyingine ilijeruhiwa, ikaota kombo, na sasa jino limeoza mpaka kwenye mzizi.

Nikamuuliza kama linaweza kunyooshwa. Akaiangalia tena ile picha. "Ungeletwa ukiwa na miaka minane, tisa, taya bado linakua, tungejaribu kulielekeza. Hili sasa ni la kung'oa." Amenipa dawa ya uvimbe, ataling'oa Ijumaa.

Sasa jana ulipopiga simu ukasema mwanao Asimwe ana homa na anaharisha, mama mkwe ameona ufizi umevimba, na Jumamosi mtoto anapelekwa kung'olewa, nilitaka kupiga kelele. Lakini simu ni ya shemeji, na nilimsikia mama mkwe pembeni: "Mwambie mdogo wako, sisi wote tulitolewa na tupo!" Nikasema "poleni" tu, nikakata. Tangu hapo sijala. Wapo, ndiyo. Ambao hawapo hawawezi kusema kitu kwenye simu. Ndiyo maana nimemwomba Ma Koku akuletee barua hii mkononi, anarudi huko leo baada ya kuuza maharage.

Waitu dada, usimpeleke. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Ufizi umevimba kwa sababu meno yanakuja yenyewe. Kuharisha ni ugonjwa wa tumbo, na kinachoua ni maji kumwisha mwilini. Daktari amepokea watoto waliochimbuliwa hivyo, damu haikatiki, au kidonda kimeoza, na wengine hakuweza kuwasaidia. Mpeleke zahanati kesho asubuhi, usingoje Jumamosi, na usiache kumnyonyesha. Wakikuzuia, sema ni siku ya kliniki ya kupima uzito. Njia ni hiyohiyo.

Akipona, jino la kwanza likitoka lipanguse kila jioni kwa kitambaa safi chenye maji. Na akianza shule mwonyeshe kwa daktari wa meno hata kama hakuna linalouma. Kwetu tunasubiri liume.

Najua mama mkwe hana ubaya. Anampenda mjukuu wake, na ndicho kinachonitisha, kwa sababu watampeleka wakimwombea na hakuna atakayeona kosa. Upo wewe tu. Ukishindwa kusema, mfunge mgongoni uondoke. Mimi sikuweza kusema kwenye simu, na sijui kama barua hii itakuwahi.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe mpe shikamoo yangu hata kama atakasirika. Wadogo zetu waambie wapige mswaki.

Mama ukimwona, mwambie nimeng'olewa jino lililooza, basi. Asijue lilianzia wapi. Alinibeba kuvuka bonde lile akidhani ananiokoa. Hilo libaki kwako na kwangu, dada, tafadhali.

Mdogo wako,
Editha